Mkono Niliodakia Jiwe

Bwana asifiwe, wapendwa. Na nyie warefu wa mabenchi ya nyuma, mliovaa traksuti za chuo na kuitikia kama mmekabwa koo, Bwana asifiwe tena. Sawa, sasa nimewasikia. Ndugu zetu Waislamu mliokuja kuwaaga watoto wenu, asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji, asante kwa kunipa dakika chache, ila kumpa mwalimu kipaza sauti halafu utegemee dakika chache, hilo umelitaka mwenyewe.

Nimekuja kuwaambia jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuliwa. Majina ya watu sitataja. Wengine tuko nao humu ndani na hawapendi sifa, wengine hawapendi kukumbushwa.

Wengi mnanijua kama mwalimu wa hesabu kutoka Ringwani. Msichojua ni kwamba hapa hapa, nikisomea ualimu katika chuo hiki, nilikuwa senta wa timu ya mpira wa kikapu. Uwanja wetu ulikuwa pale lilipojengwa bweni jipya, udongo mtupu. Ringi alituchomelea fundi mmoja wa Tarime mjini ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, akaifanya nyembamba mpaka mpira ukawa unapita kwa kubembelezwa. Msicheke, ndiyo maana tulikuwa na shabaha. Viatu tulivaa kwa zamu. Anayetoka uwanjani anavua, anayeingia anavaa, joto la mwenzake bado limo ndani. Mimi tu sikuwa na wa kubadilishana naye, maana mguu huu haukupata saizi yake chuo kizima. Nilichezea katambuga za tairi. Na katambuga zangu hizo niliwafunga watu wa vyuo vikubwa waliovaa viatu vya dukani, na mechi ikiisha walikuja kunipa mkono.

Sasa nyie wa nyuma, swali mlilonalo leo nalijua, kwa sababu na mimi nilikuwa nalo. Mtu akimaliza chuo kidogo kama hiki, mpira wake anaupeleka wapi? Wenzetu wa vyuo vikubwa wana watu wa kuja kuwatazama. Sisi tulitazamwa na ng'ombe wakipita kwenda kunywa maji. Lakini mimi nilionwa. Kwenye mashindano ya vyuo kule Mwanza, kocha wa timu moja ya jeshi alinifuata baada ya mechi. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaushika mkono wangu wa kulia, akaufungua kiganja na vidole kama mtu anayekagua kitu sokoni. Akasema, "Mkono huu ni wa kazi. Mvua zikiisha njoo kwenye majaribio." Timu ya jeshi mnajua maana yake, ndugu zangu. Ukipita, ajira yako iko humo humo. Unacheza, unakula, na mama anajengewa nyumba.

Nikarudi nyumbani Matongo kusubiri mvua ziishe, nikakuta rashi imelipuka, watu wanakimbilia dhahabu.

Watoto wa leo mnahadithiwa tu. Duara moja, yaani shimo la wachimbaji, lilitema dhahabu nyuma ya shamba la jirani yetu, na kufumba na kufumbua watu wakaja kutoka kila upande, kwa miguu, kwa bodaboda, juu ya malori ya mkaa. Shamba la mihogo la leo, kesho ni shimo. Hata walimu walioajiriwa waliweka chaki chini wakashika sururu. Mama yangu alisimama mlangoni akawatazama wanavyopita, akaniambia, "Wewe subiri jeshi lako. Hilo shimo halina ringi." Mama ana mdomo, mnamwona pale anacheka.

Lakini akaja Kapteni. Tulimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyekuwa nahodha wetu, tulimaliza chuo pamoja, na mdomo wake hushindwi kuusikia hata ukiwa umelala. Akasema, "Mura, wewe kijana, utakaa hapa ulale mpaka unenepe? Majaribio yanakuja. Twende tukavute mawe, tujiweke fiti." Nikaona anasema kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Duara linashuka chini, na ukutani wamechonga vidato, kila kidato kina mtu wake. Kiroba cha mawe kinatoka kule kwenye giza, kinapokelewa mkono kwa mkono mpaka juu kwenye mwanga. Ndugu zangu, nawaambia, hiyo ni pasi! Hatukuhitaji kufundishwa. Sisi ndio tuliowafundisha wenzetu kwamba usitazame kiroba, tazama mikono ya anayekupa. Viroba vikaanza kupanda kama maji ya pampu. Wenye maduara wakawa wanatugombania: "Tuleteeni wale wanachuo." Nilijisikia. Nisiwadanganye nikiwa madhabahuni, nilijisikia sana.

Sasa, kule shimoni kuna sheria moja, unafundishwa kabla hujapewa hata kofia. Mtu wa juu akipiga kelele "Jiwe!", unajibandika ukutani. Kifua kwenye mwamba, kidevu kifuani, mikono imekumbatia. Hutazami juu. Jiwe lina njia yake katikati, unaliacha lipite. Mtoto wa mchimbaji anaijua hiyo kabla ya kujua sala ya Baba Yetu. Na mimi niliijua, niliikariri vizuri kabisa.

Asubuhi moja mtu wa juu akapiga kelele, "Jiwe!" Wote wakajibandika. Sasa mimi, mwili wangu ulikuwa umefundishwa na chuo hiki, kila jioni, jambo moja tu: kitu kikitoka juu, ni cha kwangu. Senta haachi kitu kianguke. Kichwa kikainuka, magoti yakajikunja, mkono wa kulia ukaenda juu. Niliruka, ndugu zangu. Ndani ya shimo. Nikachukua ribaundi, kama mpira uliogonga ringi ukarudi.

Chekeni. Hata mimi siku hizi nacheka. Na nililidaka, hilo msiniondolee! Nililidaka nikalibana kwenye mwamba, halikushuka. Kapteni alikuwa kidato cha chini yangu, anasema alisikia sauti kama muwa unavunjwa. Ule ulikuwa mkono wangu. Baadaye wakongwe wa shimo waliniambia, kwa upole kabisa, kwamba jiwe lile lilikuwa linapita katikati na lisingemgusa mtu yeyote.

Hospitali walifanya walichoweza. Walinirudishia mkono huu, ngoja niuinue hata wale wa nje madirishani wauone. Vidole viwili havipo. Hivi vingine vimejikunja, havifunguki, kalamu havishiki. Mvua zikaisha. Simu ya kocha ikaita. Niliikodolea macho mpaka ikanyamaza. Ikaita tena kesho yake, na baada ya hapo haikuita.

Shimoni niliumia tu, wapendwa. Kuanguka kwangu kulianza pale simu iliponyamaza. Mnajua mila zetu. Mkubwa unamsalimia kwa mkono wa kulia, ukimpa wa kushoto umemtukana. Sasa wa kulia naona aibu kuutoa, wa kushoto sina ruhusa. Nikachukua koti la marehemu baba, nikauzika mkono mfukoni. Jua la Matongo linachoma, mimi na koti. Nikimwona mzee njiani, naingia kwenye mahindi. Kanisani niliacha kwenda kwa sababu ya kule kupeana mikono mlangoni. Fikirieni mtu anakosa ibada kwa kuogopa mlango!

Halafu wakati wa rashi, mtu akitembea na mkono mfukoni na hautoi, watu wanasema nini? Enhe, mmeshajua. Habari zikaenea kijiji kizima kwamba yule mrefu hakuumia bure, jiwe alilodaka lilikuwa dhahabu, na analo mfukoni mpaka leo. Nani anaruka kudaka jiwe la kawaida, waliuliza. Kwa kweli hoja yao ilikuwa na akili kuliko kile nilichofanya.

Jioni moja natoka gulioni, vijana wakanizingira, wana mapanga. "Toa mkono." Nikawaambia hakuna kitu. "Toa mkono, mrefu!" Nikautoa. Wakauona. Panga moja likashuka, halafu mwingine akasema, "Pole, kaka," wakanipisha njia. Wangenipiga ningeshasahau. Ile pole ya wanyang'anyi ndiyo iliyonilaza kitandani. Nilijiona mtu ambaye hata mwizi hana cha kumtamania. Siku zile niliomba Mungu anichukue, na ninasema hili waziwazi kwa sababu huenda humu ndani yuko anayeomba hivyo.

Mama hakubembeleza. Alinunua boksi la chaki akaliweka mapajani mwangu, akasema ukuta wa jikoni ni wangu, niandike kwa kushoto mpaka aweze kusoma. Mwanzoni tarakimu zangu zilikuwa zimelala kama walevi. Mama anasonga ugali, anageuka anatazama, anasema, "Hiyo ni saba au jembe?" Nafuta, naandika tena. Siku aliposoma ukuta mzima bila kuuliza, kesho yake Kapteni akafika. Wakati huo alishaacha shimo, alikuwa anaendesha bodaboda Tarime mjini. Hakuja na pole. Alizima pikipiki mlangoni akasema, "Panda. Shule ya Ringwani haina mwalimu wa hesabu, wazazi wana kikao, nimewaambia yupo." Nikamtazama mama. Begi langu lilikuwa limeshafungwa.

Tulifika Ringwani kikao kimeanza. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mfugaji mmoja mfupi, mkali, hana muda wa kupoteza. Nikainama, "Shikamoo, mzee," mkono uko mfukoni. Akanyoosha wake. Nikabaki nimesimama. Na yeye akauacha wake umenyooka, wazazi wote wanatazama.

"Huyu mwalimu mumeniletea," akasema, "ananisalimia na mkono ndani ya mfuko? Mimi ni mtoto mwenzake?"

Nilimtafuta Kapteni kwa macho. Kapteni ameinamia pikipiki yake kana kwamba imeharibika, na haikuwa imeharibika. Hakunisaidia, na leo ninamshukuru kwa hilo kuliko kwa lifti aliyonipa.

Nikautoa. Mbele ya watu wote wale. Mzee akautazama, na mimi nikangoja ile pole. Akaukamata kwa mikono yake miwili, akautikisa mpaka bega likauma. "Sasa si huu hapa mkono? Ulikuwa unaubania nini? Marahaba." Akawageukia wazazi. "Haya, ataanza Jumatatu. Watoto hawajui hesabu. Sasa tuje kwenye choo cha wavulana, nani hajaleta mchanga?"

Basi. Wakaendelea na choo. Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yamefika kidevuni, machozi yananitiririka, na watu wanabishana habari za mchanga. Sijawahi kusikia kikao kitamu kama kile. Jioni ile niliwasalimia wazazi wote mmoja mmoja, kwa mkono huu, na koti la baba nikalivua. Jumapili iliyofuata niliingia kanisani kwa mlango ule ule niliokuwa nauogopa.

Mengine mnayajua. Nilijitolea, baadaye ajira ikaja, na nyuma ya madarasa tukasimika nguzo. Ringi nilisimamia mwenyewe, fundi asije akarudia yale.

Nawashukuru. Mama, ukuta wako bado una tarakimu zangu na umekataa kuupaka rangi. Kapteni, wewe uliyejificha nyuma ya nguzo, bodaboda zako tunaziona na vijana unaowafundisha mpira kila Jumamosi tunawaona. Mzee wa Ringwani hakuweza kuja, amesema ana ng'ombe anayezaa na ushuhuda hauzalishi. Salamu zitamfika.

Na mnaoniuliza wenzetu wa kikosi kile wako wapi: mmoja ni askari polisi, mmoja alivuka Sirari kutafuta maisha na akirudi anatusalimia Kikenya, mwingine ana duka la dawa za mifugo hapo Mugumu. Jeshini hakufika hata mmoja. Na hakuna hata mmoja aliyeacha kurusha mpira akiuona. Nyie mtakwenda huko huko kwenye kazi za watu, na chuo hiki kitakuwa kimebaki mwilini mwenu. Siku nyingine kitawaponza, kama kilivyoniponza mimi. Mkiumia, msiuzike mkono mfukoni. Utoeni mapema, watu wauone, waendelee na mambo yao na nyie mwendelee na yenu.

Sasa wewe, senta wa timu, mrefu kuliko wote hapo nyuma. Simama. Huyu ni mwanafunzi wangu wa Ringwani, alianzia kwangu hajui hata kudunda. Kijana, unakula kwa mkono gani?

"Wa kulia, mwalimu."

Na kuandika?

"Wa kulia."

Mpira unapiga kwa mkono gani?

"Wa kushoto, mwalimu."

Mnasikia? Na siyo yeye peke yake. Ringwani nzima wanapiga kwa kushoto, kwa sababu ndivyo walivyomwona mwalimu wao akipiga, wakadhani ndiyo sheria ya mchezo. Timu za nje zikija zinashindwa zizuie upande gani. Yule kocha wa jeshi alisema mkono wangu ni wa kazi, na alisema kweli. Alikosea tu kujua ni upi.

Kaa, mwanangu. Nimemaliza, Mchungaji. Ibada ikiisha nitasimama na wewe pale mlangoni, na kila mhitimu atanipa mkono wake wa kulia. Mimi nitawapa huu. Ushikeni kwa nguvu, msiuogope. Ulishadaka kizito kuliko nyie.