Mzee wa Duka Alisema Ananijua

Wapendwa, salamu zenu nimezipokea. Leo sianzishi wimbo. Mchungaji amenipa nafasi nishuhudie, na kutoka hapa mbele naona wengine wenu mmeshaangalia chini. Angalieni tu chini. Masikio bado yako wazi.

Mimi ni mama wa mitumba, hiyo mnajua. Nilikuja Eldoret kutoka Nyanza nikiwa bibi ya mtu. Mume akafa, nikabaki kuzunguka masoko: leo Soy, kesho Moiben, siku nyingine Ziwa. Na kila soko, kabla sijafungua belo la nguo, nilikuwa nasimama juu ya kreti ya soda nahubiri. Sikuwa na spika. Sauti yangu mnaijua.

Pale Ziwa nilisimama nje ya duka la Mzee mmoja Msomali, kwa sababu yeye ndiye alikuwa ananiwekea belo langu. Watu hawakunipenda. Nisiwadanganye ati walikuwa na kiu ya Neno. Mama mmoja wa kibanda cha chai alinimwagia maji ya kuoshea vikombe, mbele ya soko nzima. Akasema, "Hiyo Mungu yako mpeleke kwenu!" Watu wakapiga makofi. Nikajifuta uso, nikaendelea kupiga kelele.

Sasa, huo ulikuwa mwaka baada ya wanajeshi kujaribu kupindua serikali. Mnakumbuka vile ilikuwa. Watu wanne wakisimama pamoja, wanaulizwa wanaongea nini. Siku moja vijana wa chama tawala wakanijia na rungu, mmoja akaniuliza,

"Mama, laiseni ya mkutano iko wapi?"

"Huu si mkutano. Nahubiri."

"Watu wakisikiliza ni mkutano."

Nikamwambia, "Na wewe unaona mtu anasikiliza?"

Soko likacheka. Huyo kijana hakupenda kuchekwa. Alinipiga kofi nikaanguka kutoka kwa kreti, na wenzake wakamalizia na mateke. Huu mkono, vile mnauona haunyooki, ni wa siku hiyo. Wakanivuta mpaka kempi ya chifu, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema wacheni mama wa watu.

Chifu akaniuliza, "Nani amekutuma? Unaeneza siasa ya nani?"

Nikasema nimetumwa na kanisa langu, waitwe waulizwe. Ndugu zangu, nilisema hivyo nikiwa na raha moyoni. Nilijua wakija, nitatoka.

Walikuja. Wazee wa kanisa, wamevaa koti. Hawakuingia ndani, walisimama mlangoni. Chifu akawauliza, "Huyu mama ni wenu?"

Mmoja akakohoa. Akasema, "Tunamwona Jumapili, lakini hatumjui vizuri."

Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Wakarudi Eldoret. Mimi nikasukumwa seli na mkono umevimba kama mguu.

Sitaji jina. Nimeambiwa ushuhuda hautaji majina. Lakini nawaambia, kofi la yule kijana nilishalisahau. Yale maneno ya mlangoni nayasikia mpaka leo.

Kesho yake mchana askari akafungua seli. "Nenda. Ukifungua mdomo tena, tunakupeleka mbele, kortini." Sikuambiwa kwa nini naachiliwa.

Hapo ndipo nilianguka. Niliacha kanisa, nikaacha kuomba. Akina mama wa hapa walipokuja kunitembelea na nyimbo zao, niliwafungia mlango, wakaimbia ukuta. Sokoni nilikuwa nagombana na wateja mpaka wananiogopa. Kama wewe ulinisalimia miaka hiyo nikakupita, si ati sikukuona.

Siku moja mvua ilitushika Ziwa, nikajibanza dukani kwa yule Mzee. Akaniambia, "Mama, siku hizi umenyamaza. Umeacha dini?"

"Nimeacha."

"Mimi sikupenda makelele yako. Ulikuwa unanifukuzia wateja. Lakini siku ile nilienda kwa chifu."

Nikamwangalia. "Kwa chifu kufanya nini?"

"Kusema nakujua. Niliapa, wallahi, huyu mama hajasema siasa hata siku moja, ni Yesu tu, Yesu, mpaka kichwa inaniuma. Chifu akaniuliza kama niko tayari kufungwa na wewe ukirudia. Nikasema niko tayari."

Nililia pale katikati ya magunia ya sukari. Yeye akaongeza, bila huruma, "Umesimama mlangoni kwangu siku nyingi sana, Mama. Hujaniuliza hata siku moja watu wa nyumbani wako aje."

Nikamuuliza. Akaniambia habari ya mke wake huko Garissa, na binti yao ambaye macho yanaharibika. Tulikunywa chai mpaka mvua ikaisha. Usiku huo nikamwombea huyo binti, na hivyo ndivyo nilirudi kwa Mungu.

Najua mnangoja niseme Mzee aliokoka. Hakuokoka. Yuko Ziwa, anaswali.

Nikaanza upya. Kreti niliiacha. Nikaenda kwa yule mama wa chai, nikakaa kwa benchi yake. Akaniuliza kwa ukali, "Unataka nini hapa?" Nikasema chai. Kila soko, chai. Nikajua watoto wake, nikajua mume aliyemkimbia. Ikapita karibu mwaka mzima, ndipo akaniuliza mwenyewe, "Ile siku nilikumwagia maji, ulikuwa unasema nini? Sikusikia vizuri." Nikamwambia polepole. Leo ameketi humu ndani. Sitawaonyesha ni nani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mzee wa Ziwa, na huyo mama. Wale waliosimama mlangoni, sijamaliza kuwasamehe, naendelea. Na kama mnataka funzo, ni hili: ukitaka kumpelekea mtu Neno, mjue kwanza. Na mtu wako akishikwa, usijifanye humjui.

Kwa sababu dada yetu wa kwaya yuko seli Moiben tangu juzi. Ati alikusanya akina mama nyumbani akawasomea Biblia bila laiseni. Na asubuhi hii, hapo nje, nimewasikia wazee mkisema tungoje, mambo ya serikali ni mazito.

Mimi singoji. Gari ya Moiben inatoka stendi saa nane, na maombi ya mwisho mtayafanya bila mimi. Natoka sasa, naenda kumwambia chifu wa huko huyu msichana ni wetu. Anayemjua, asimame twende.