Babu Msasa na Ubao wa Mvule wa Miaka Tisa

Katika karakana hii hakuna anayejua mbao kunishinda mimi. Nikigonga ubao hapa, kisiki cha mti wake huko porini huitikia. Lakini nimeambiwa niandike habari za mtu mwingine, basi naandika, kwa roho nyeupe.

Babu Msasa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mbili ya kutengeneza makabati ya redio na spika. Mengi aliyamaliza, na baadhi aliyamaliza wateja wakiwa bado hai.

Tatizo lilikuwa kuchagua. Wengine huchagua mchumba kwa wiki mbili. Babu alichagua ubao wa rafu moja kwa miezi miwili. Anagonga, anaweka sikio, anafumba macho, kisha anaurudisha ubao stoo. Chipubodi, yaani vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, aliiita uji mkavu: ibebeshe amplifaya nzito leo, mwaka kesho imebonyea kama kitanda cha wageni. Miguu ya chuma ya rafu aliijaza mchanga ili isivume muziki ukipigwa. Tulimcheka, halafu ikanyamaza kweli, nasi tukaanza kuchota mchanga.

Yupo mama mmoja aliyetaka rafu za kioo, maana jirani yake anazo. Babu hakubishana. Aliweka kioo, juu yake kijiko, akafungulia muziki. Kijiko kikatembea taratibu mpaka ukingoni, kikaanguka. Yule mama akasema, "Basi, Babu, weka mbao. Kijiko kimeshahama."

Kwa miaka tisa Babu amekausha ubao mmoja wa mvule nyuma ya ofisi, wa kabati la santuri zake mwenyewe, akalitumie akistaafu. Hata kuuegemea ilikuwa kesi. Tukaamua kumtengenezea kabati hilo kwa siri, liwe zawadi yake. Kazi nzito hupewa mwenye kichwa, nikapewa mimi. Mkewe akatuletea kwapani amplifaya ya Babu itakayokaa humo, imefungwa kanga. Nikaipima, nikakata, randa ikapita kama kwenye siagi.

Babu, karakana nzima inakushukuru kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kukata. Nenda kapumzike, mzee wetu, ule kwa wakati, na nyumba yako isikose muziki mzuri.

Kabati ni hilo hapo mbele, chini ya kitambaa. Amplifaya niliipima ikiwa haina waya hata mmoja nyuma. Ukichomeka nyaya, zinagota mgongo wa kabati, amplifaya inasogea mbele, miguu yake miwili inaning'inia hewani. Na mvule wako, Babu, nimeukata wote.