Spika Kawekwa Nje

Ng'ambo ya geti la hospitali, ubavuni mwa duka la dawa, kuna benchi la mbao ambalo limesikia magonjwa mengi kuliko daktari yeyote. Fundi viatu, mzee mpole mwenye misumari midogo mdomoni, ndiye mwenyeji wake. Tochi, dereva wa pikipiki, hukaa hapo akingoja abiria, na jina hilo alilipata kwa kumulika mambo ya watu. Muuza kahawa huweka birika lake katikati na kujifanya hasikilizi. Na tangu mama yake aanze kuumwa, amejiongeza Spika, kijana aliyeacha shule kabla shule haijamchoka, mdomo ukabaki unaendelea na masomo peke yake. Siku nyingine alikuwa akija benchini baada ya kutoka na mama yake kwa daktari, kifua mbele. Leo asubuhi mama alikuwa ndani, yeye nje, na kahawa ilikuwa inapoa mkononi mwake.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, ila Spika alikirefusha. Nesi mkuu wa pale, mwanamke mfupi asiyepaza sauti, alikuwa amepigania mpango wake mpaka ukapita: mgonjwa asiyejua lugha ya daktari apewe mkalimani wa hospitali, aliyefundishwa kazi hiyo na kufundishwa kufunga mdomo. Alikuwa amewakusanya kutoka kila kona. Huyu mshona nguo, yule mwalimu wa watoto wadogo, yule alikuwa akiuza mitumba. Akawavalisha vizibao vya kijani na kuwaweka mlangoni. Ndugu wa mgonjwa angesubiri nje kwanza, angeitwa baadaye kama mgonjwa mwenyewe angetaka. Spika alipofika na mama yake, mwanamke wa kizibao alimsalimia mama kwa lugha ya kwao. Si salamu ya kubabaisha. Salamu ndefu, ya kuulizana mpaka mbuzi. Kisha akamgeukia Spika na kumwomba awasubiri.

Spika alitegemea mama akatae. Alisimama pale kama mtu anayengoja kuitwa jukwaani. Mama aliachia mkono wake, akaingia, na mlango ukafungwa bila yeye kugeuka nyuma. Sehemu hiyo Spika hakuisimulia benchini.

— Mimi, mwanawe wa kumzaa, naambiwa nipishe, alisema. Nani anamjua bi mkubwa kunishinda mimi?

— Labda walichoka kukusikia, alisema Tochi. Hospitali ina wagonjwa wengine pia.

Muuza kahawa alicheka ndani ya birika. Kisha Tochi, ambaye hakuwahi kuwa na jambo asilokuwa na habari zake za ndani, akaeleza kinachoendelea. Vile vizibao, alisema, vina waya ndani ya pindo. Vinakusanya lugha za watu, zinapelekwa kwenye makampuni ya simu, na keshokutwa mtu hatamwita mama yake bila kuweka vocha. Fundi viatu aliuliza lugha ya wagonjwa ingemfaa nani, maana imejaa kuguna. Tochi akasema kuguna ndiko kunakotafutwa hasa.

Muuza kahawa aliona jambo liko mbali zaidi. Kwa maoni yake wagonjwa walikuwa wanafundishwa. Leo wanaeleza wanavyoumwa na kueleweka, kesho wanauliza dawa hii ya nini, keshokutwa wanatibiana wenyewe kwa wenyewe wodini, na atakayehitaji mkalimani ni daktari, naye atawekwa nje kama Spika.

— Si kama Spika, alisema Tochi. Daktari atanyamaza.

Walicheka, na Spika akacheka nao, lakini macho yalikuwa kwenye dirisha la tatu kutoka getini. Lilikuwa wazi nusu. Pazia la kijivu lilivimba na kunywea, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya mama yake ikienda bila kusimama.

Hilo ndilo lililomtia baridi. Mama hakuwa msemaji. Tangu Spika alipomleta mjini wamekaa chumba kimoja, pazia la shuka katikati, kitanda cha mama upande wa dirisha. Asubuhi Spika hutoka na sanduku lake la makava ya simu, anapiga kelele mchana kutwa mpaka koo linakauka, na jioni akirudi maneno yamemwishia. Umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Mtaa mzima hakuna mwingine anayejua lugha yao. Jirani humpungia mama mkono, mama humpungia, basi. Mchana huwasha redio, haelewi hata neno, lakini haizimi. Spika alimwuliza siku moja anasikiliza nini. Mama akamwambia, watu.

Na sasa alikuwa nyuma ya pazia la kijivu anasema, anasema.

— Mbona anakwenda kama cherehani? aliuliza muuza kahawa. Si ulituambia bi mkubwa ana maneno machache?

— Machache ndiyo, alijibu Spika. Ndiyo maana nikahitajika mimi. Mama akitoa neno moja, mimi kwa daktari natoa gazeti zima, na michezo nyuma.

Hapo akapata pumzi yake, akajenga. Aliwaonyesha alivyokuwa akikaa, mguu juu ya mguu, kati ya mama na daktari. Mama alikuwa akisema tumbo. Yeye alikuwa akisema: daktari, ni maumivu ya tumbo yanayozunguka, hayapendi baridi, hayapendi pilipili, yalianza polepole kama mgeni asiye na haya. Daktari alikuwa akiandika mpaka kalamu inapata joto. Dawa za tumbo zikatoka. Zikaisha, zikatoka nyingine. Mama aliendelea kukonda, akawa anakaa kwa upande mmoja tu wa kiti, na Spika akazidisha ufasaha.

Tochi alikubali kwamba gazeti kama hilo hata yeye angelinunua. Fundi viatu alitoa misumari mdomoni, akaiweka ndani ya kofia.

— Na mambo ya huko chini? aliuliza. Madaktari hawaachi kuuliza. Choo, damu, mambo ya kike.

— Aliuliza kila mara.

— Na wewe ukamwuliza mama yako?

Spika alicheka kidogo, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye.

— Mzee, na wewe. Mama yangu nimwulize hayo mimi? Nilikuwa namjibu daktari mwenyewe. Namwambia huko hakuna shida.

— Ulijuaje kwamba hakuna?

Hakuna aliyecheka. Tochi aligeuka akapangusa kioo cha pikipiki yake kwa kiganja. Spika alianza kueleza kwamba mama angesema, mama hamfichi, mtoto mmoja na mama mmoja chumba kimoja watafichana wapi. Alipokuwa anaeleza aliona akilini kanga za mama zilivyokuwa zikianikwa alfajiri kabla hajaamka, zikiwa zimefuliwa tayari, kila siku, na yeye alikuwa akipita chini yake akiinamisha kichwa zisimlowanishe nywele. Akaacha sentensi katikati. Benchini pale hakuna aliyewahi kumwona akiacha sentensi.

Kule dirishani sauti ya mama ilinyamaza, kisha mama akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha msichana. Spika alikijua, lakini ilibidi akitafute mbali sana, kule nyumbani, kwenye kisima, mama na wenzake wakioshana migongo na kumfukuza yeye kwa kumrushia maji.

— Bi mkubwa huyo? aliuliza Tochi kwa sauti ya chini.

— Ni yeye.

— Basi hajambo.

Muuza kahawa alimwongezea Spika kahawa juu ya ile iliyopoa, akamwambia hiyo ndiyo ya mwisho, asimwage.

Baadaye mwanamke wa kizibao cha kijani alitoka getini, akaangalia pande zote, akavuka. Kwa karibu alionekana mtu wa kawaida, mikono ya mshona nguo, alama za sindano kwenye kidole cha shahada. Aliwaamkia wote akianza na fundi viatu, kisha akamtazama Spika.

— Wewe ndiye mwanawe.

Spika alisimama.

— Anaumwa nini?

— Hilo atakuambia mwenyewe, akipenda. Maneno yake sitembei nayo. Nimetumwa kitu kingine.

Alisema taratibu, kama anayepima kitambaa. Mama anabaki wodini, leo hii. Daktari wa wanawake amekwisha kuitwa. Atahitaji nguo zake za ndani na kanga safi, na mtu wa kukaa naye, kumshika akienda kuoga. Yeye mwenyewe angekaa naye mpaka jioni, lakini kuna wagonjwa wengine wa lugha hiyo na mkalimani wao ni yeye tu.

— Nyumbani kwenu kuna mwanamke gani? aliuliza.

— Nipo mimi, alisema Spika.

— Najua upo. Amekusifu mpaka daktari akacheka. Anasema hujawahi kumwacha na njaa hata siku moja. Lakini nauliza mwanamke, mdogo wangu. Dada, shangazi, mke, jirani anayeweza kusema naye.

Tochi alitazama gurudumu. Fundi viatu alishika kiatu ambacho alikwisha kukimaliza, akakigeuza juu chini. Muuza kahawa aliinamisha birika, likatoa machicha.

Spika alipita mlango mmoja mmoja wa ushoroba wao kichwani. Mlango wa anayepunga mkono. Mlango wa mwenye nyumba, ambaye humwita mama "yule wa kwako." Mlango wa wasichana wa saluni wanaolala mchana. Akafika mwisho wa ushoroba, akarudi tena, huku mwanamke akiwa amesimama mbele yake. Neno la kumjibu lilikuwa dogo, kwa lugha ya daktari na kwa lugha ya mama yake pia. Alifungua mdomo. Halikutoka kwa hii wala kwa ile.

Mwanamke hakumsaidia kulitamka. Alikaa benchini, mahali Spika alipoinuka, akaweka mikono mapajani, akangoja.