Kikombe cha Mzee Okoth

Jackton Okoth anastaafu tarehe 29 Agosti, baada ya kuitumikia Klabu ya Mbio ya mtaa wa Tena kwa miaka ishirini na sita. Wengi wetu hatujawahi kushiriki mbio ndefu bila kikombe chake cha kinywaji.

Aliajiriwa kuendesha pikapu. Kazi ya kuchanganya kinywaji hicho ilimwangukia tu, kwa sababu mitungi ya maji ilikaa nyuma ya gari lake. Aliichukulia kama kukaribisha wageni. Kwao Ugenya, kumpa mgeni chai isiyokolea sukari ni kumtusi, kwa hiyo wanariadha nao walitiliwa sukari kwa moyo mkunjufu, bila kipimo.

Ukarimu huo ulimponza Mwongeli, karani wa Buruburu, katika marathoni yake ya kwanza. Sukari ikizidi, kinywaji hukawia tumboni na maji huchelewa kuingia mwilini. Alipofika Donholm tumbo lilimkata, akaketi kando ya barabara. Alirudi nyumbani kwa pikapu ileile.

Kocha Phares alimweleza Okoth atie sukari kiasi na chumvi kidogo, na watu wanywe mafunda machache kila baada ya muda, wasisubiri kiu iwazidi wala wasijaze tumbo. Okoth alibisha wiki nzima, kisha akanunua kijiko cha kupimia. Vijana walimtania: “Mzee, sukari imepanda bei?” Aliwajibu kwamba wageni hukaribishwa wakishafika, na mkimbiaji bado yuko njiani.

Mwaka uliofuata Mwongeli aliapa kutopokea chochote ila maji matupu. Joto lilikuwa kali, na alipokaribia Donholm alikuwa akiyumba. Okoth hakumbembeleza. Alisimama mbele yake, akaonja kikombe kwanza kama mwenye nyumba aonjavyo mbele ya mgeni, kisha akamnyooshea. Mwongeli akapokea, akanywa mafunda mawili, akaendelea. Alimaliza miongoni mwa wa mwisho, lakini alimaliza. Ameshamaliza marathoni nyingine kadhaa tangu hapo.

Mitungi sasa inakwenda kwa Whitney, anayeshika kazi yake, pamoja na kijiko.

Mzee Okoth, asante kwa kutubeba, wazima na waliochoka. Nyumbani Ugenya kukupokee vyema, na afya isikupungukie. Chai ya kukuaga itapikwa na Mwongeli. Ameomba kijiko kile cha kupimia kisiletwe karibu.