Ntemi Hashiki Birika

Kijiwe cha kahawa cha Bibi Rebeka kiko Segese, mkabala na duka la spea za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu ambazo zikianza kunguruma hata mtu na mkewe huelewana kwa mikono. Kina benchi moja lililolegea mguu, na kiti kimoja chekundu cha plastiki ambacho hakikaliwi na mtu ila Mzee Mageni. Babu yake Mageni alikuwa ntemi, mtawala wa Wasukuma upande wa Kishapu, kabla serikali haijafuta utemi. Mjukuu hakurithi ng'ombe wala askari. Alipata kiti tu, nacho kanunuliwa na kijiwe. Kila asubuhi Bibi humimina vikombe vyote, Mzee Mageni hupiga funda moja, husema "Haya," ndipo wengine wanywe. Chake hubaki kimejaa. Bibi Rebeka alishazoea kukimwaga bila kujiuliza. Alikuwa na mjukuu wa kumsumbua akili, vikombe vya wazee vingesubiri.

Mjukuu mwenyewe, Sesilia, kasomea historia mpaka akavishwa joho, na sasa ana kipindi redioni cha kueleza watu habari za wafalme wa siku hizi. Jana alitamka hewani: "Mfalme wa kisasa anatawala lakini hatawali." Wasikilizaji wakapiga simu kwa kicheko mpaka laini zikaziba. Meneja akamwambia, kesho ukichekwa tena, muda wako nampa muuza vifaa vya kutafutia dhahabu. Basi asubuhi hii kaketi benchini, macho mekundu, kaapa hatoki hapo mpaka hawa wa kijiweni wamwelewe kwanza.

– Shikamoo Bibi, alisema Athanas, kijana wa karasha ambaye kichwa chake cha mviringo kilimpa jina la Gololi.

– Marahaba. Mbona huko kazini?

– Nipo kazini lakini sipo kazini. Si ndivyo alivyofundisha mwalimu wa redio?

Benchi likatikisika kwa kicheko. Bibi Rebeka akamtazama Gololi kama anayechagua pa kumpiga.

– Cheka umalize, Sesilia akasema. – Ukimaliza nakueleza upya.

Bibi akamimina, akagawa. Gololi akapokea kikombe chake, akakishika.

– Haya nieleze. Huyo mfalme wako anafunga watu?

– Hafungi.

– Anapandisha kodi?

– Hapandishi. Hayo ni ya bunge na waziri mkuu, waliopigiwa kura. Yeye analifungua bunge, anasaini sheria, anapokea wageni.

– Basi ni mwenye leseni ya mgodi! Haingii shimoni, hashiki sululu, mawe yakitoka anatuma mtu akachukue viroba vyake.

– Mwenye leseni akinuna anafunga shimo. Mfalme akinuna, bunge linaendelea.

Altaf, mwenye duka la spea, alikuwa amevuka barabara na kikombe chake cha bati, kwa kuwa vya Bibi anadai ni vidogo.

– Mimi nawaambia ni bango, alisema. – Lile pale limeandikwa Jafferali. Jafferali ni babu yangu, kafa mimi sijazaliwa. Lakini nyinyi mnaniita nani?

– Jafferali! wakajibu.

– Jana mtu kaja kamgombeza Jafferali kwa beringi mbovu. Nimesimama pale nagombezwa kwa niaba ya marehemu. Mfalme ndiyo hivyo. Bango.

– Bango halifi, Altaf. Mfalme anakufa, nchi inalia, anakaa mwanawe.

– Nani kamwona akifa? Gololi akadakia. – Hivi mmewaangalia wanavyopunga mkono? Kiganja kinazunguka taratibu, shingo haigeuki. Wale wenyewe waliisha zamani. Hizo ni sanamu za betri.

– Beringi za mkono huo wananunua wapi? Altaf akauliza.

– Kwako siyo. Mkono ungeshakwama.

Hata Sesilia alitaka kucheka, akajizuia. Bibi Rebeka hakujizuia chochote.

– Mtoto ananyang'anywa kazi leo hii, nyinyi mnajadili betri! Kuna mtu ataondoka hapa kavaa birika. Na wewe Sesilia, neno gani hilo linajikana lenyewe? Tafuta jingine.

– Sina jingine, Bibi. Wazungu wana mawili, la kukaa na la kuamuru. Sisi yote tunaita kutawala.

– Basi kaa hapo utafute. Redio haihami.

Macho ya Sesilia yakatua kwenye mkono wa Gololi.

– Gololi, mbona hunywi? Kahawa inapoa.

– Ntemi bado.

Kweli. Mzee Mageni, kwa kusikiliza ubishi, alikuwa hajagusa kikombe. Benchi zima limeshika kahawa vifuani kama watu wa maombi.

– Na akisema leo hanywi mtu?

– Aseme yeye kama nani? Tutamsubiri kidogo, halafu tutanywa.

– Akisema kahawa itiwe maziwa?

– Athubutu, alisema Bibi Rebeka.

– Basi wa nini? Kitupeni kiti hicho.

Hapo hakuna aliyecheka. Altaf ndiye aliyejibu.

– Dada, mzee alipolazwa hospitali mwaka jana, tuligombania nani anywe kwanza. Siku ya kwanza matusi. Siku ya pili ndipo huu mguu wa benchi ulipolegea.

– Naona sasa, Sesilia akasema, akasimama. – Anakaa pale ili asikae mwingine. Mfalme wa kisasa amekalia kiti, hashiki birika. Mwenye birika ni serikali.

Gololi akafungua mdomo acheke. Kicheko hakikuja.

– Hiyo nimeelewa, alisema, kama aliyeibiwa. – Ila huyu Bibi, nani kampigia kura?

– Nenda ukanywe kwingine, Bibi Rebeka akajibu. – Ndiyo kura hiyo.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja na gunia la dagaa, Ghati, mgeni kutoka Mara, anasubiri gari la Kahama. Alikuwa akimwangalia Mzee Mageni tangu afike. Sasa mzee akapiga funda lake, akasema "Haya," akakiweka chini kikombe kimejaa, na benchi zima likanywa.

– Shikamoo babu, Ghati akasema. – Hivi wewe mwenyewe kahawa unaipenda?

Gololi akageuka kwa Altaf. Altaf akageuka kwa Bibi Rebeka. Mzee Mageni naye akamtazama Bibi, kama kwamba aliyemmiminia miaka yote hiyo lazima anajua. Bibi akatazama ule udongo mweusi chini ya nguzo ya kibanda, pale anapomwaga kahawa ya mzee kila siku.

– Hakuna aliyewahi kuniuliza, mzee akasema taratibu. – Ngoja nifikiri.

Wakamngoja. Sesilia hakungoja. Alikuwa keshavuka barabara kuelekea kituo cha redio, anatembea kama mwenye deni na mtu, midomo inacheza: kwanza kiti, halafu birika, halafu lile swali la mama wa dagaa, na hilo atawaachia wapiga simu.