Mkadiria Gesi na Majiko Thelathini na Matatu

Ndugu, majirani na watumishi wenza wa marehemu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Historia hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho kwa niaba ya familia, ila sehemu kubwa aliisimamia marehemu mwenyewe akiwa kitandani, kwa hiyo mkisikia kosa lake likitajwa msidhani ndugu wamemsaliti, ni yeye aliyeagiza lisomwe.

Marehemu kaka yetu, ambaye kazini na mtaani aliitwa Makadirio, kwa sababu ukimuuliza saa alikujibu ni kati ya saa nne kasoro dakika tano na saa nne na dakika tano, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi breki na muuza vitambaa. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni kuanzia 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari ya ufundi, na mwaka 1978 akapata cheti cha ufundi wa vipimo, huku mama akiwa ameshawatangazia majirani kwamba anasomea udaktari.

Aliajiriwa tarehe 2 Januari 1979 kuwa msoma geji katika kituo cha kupokea gesi asilia, pale bomba kutoka visimani linapoingia mjini, akaifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili, kisha mwaka 1991 akahamishiwa idara ya mipango, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lisilofunga, ambako kila mwaka aliandika kitabu cha mwelekeo wa gesi wa kanda nzima, yaani visima vitatoa kiasi gani, viwanda, mitambo ya umeme na majumba vitataka kiasi gani, na nchi jirani zikubaliane nini.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa sare za shule, ambaye hakuwahi kubishana naye mbele za watu wala kushindwa ubishi nyumbani, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza mwaka 1986, wa pili 1989, na mapacha 1993.

Sasa tunafika pale alipotaka tufike. Mwaka 2008 kitabu chake kilisema kwamba baada ya miaka kumi majumba ya kanda yatahitaji futi za ujazo milioni tisini kwa siku, na kwa tarakimu hiyo nchi tatu zikaandaa mkataba wa miaka ishirini, wa gesi ambayo lazima ilipiwe itumike isitumike. Alhamisi ya tarehe 8 Mei alirudi nyumbani saa tano asubuhi kwa sababu ya mafua, akakuta moshi nyuma ya kamba ya nguo, na mkewe, mke wa mtaalamu wa gesi, anapepea jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage, wakati jiko la gesi linang'aa jikoni halina hata doa. Shemeji hakujificha, alimwambia kwamba gesi ni ya chai na mayai, maharage yanataka moto wenye subira, na kwamba wenzake wote mtaani wanafanya hivyohivyo.

Kaka alisahau mafua, akapita mlango kwa mlango, na katika nyumba arobaini na moja zilizounganishwa na bomba akahesabu majiko ya mkaa thelathini na matatu, yote ya moto. Hesabu zake za miaka yote zilikuwa zimechukulia kwamba nyumba ikipata bomba inaaga mkaa siku hiyohiyo, jambo ambalo angeweza kuuliza mezani kwake wakati wowote akaambiwa bure. Alipiga hesabu upya akaomba kitabu kirekebishwe, mkurugenzi wake akamjibu kwamba kimeshapigwa chapa na maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye aliona mficha maradhi kifo humuumbua, na tarehe 27 Mei, mbele ya wajumbe wa nchi zote tatu, alisimama akasema kwamba ile tisini ni yake, si sahihi, sahihi ni thelathini na nane.

Mkataba ulipunguzwa hadi milioni arobaini na tano, na yeye akapunguzwa hadi karakana ya kupimia mita, alikokaa mpaka alipostaafu Agosti 2016. Karakana haikumuumiza, kilichomtafuna ni hofu kwamba huenda amekosea mara ya pili, na kwamba kwa neno lake watu watakosa gesi, hata moto wa jikoni ukififia kidogo alikwenda kusimama mbele yake kuutazama, na mkewe alimwacha autazame.

Mwezi Novemba 2018 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa mara mbili katika hospitali ya wilaya. Ijumaa, tarehe 15 Februari 2019, wenzake wa idara ya mipango walimpelekea wodini takwimu za mwaka wa kumi, matumizi ya majumba yalikuwa milioni arobaini na moja. Aliomba miwani, akasoma, akaomba asomewe tena, akacheka hadi muuguzi akaja, kisha akasema tuandike kwamba alikosea kwa tatu, akalala mchana kutwa, na shemeji anasema hakuwahi kumwona akilala hivyo kwa miaka kumi. Alifariki Jumanne, tarehe 19 Februari, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, bila maumivu, na sisi tunalia ila mioyo yetu imetulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliomfungulia milango siku ile na waliotufungulia tena wiki hii, na wenzake wa kazini, ambao, wakati wagonjwa wengine wakiletewa matunda, walimletea yeye karatasi moja.

Pumzika kwa amani, kaka. Gesi imetosha.