Evaristo Likangaga: Miaka Ishirini na Saba Juu ya Tuta la Lihami

Tarehe 30 Juni 1999, Mzee Evaristo Likangaga, mlinzi wa Bwawa la Lihami, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Alitaka kupumzika mapema zaidi. Mwaka juzi, alipotimiza miaka hamsini na mitano, alileta mezani kwangu, hapa kituoni Ifakara, barua ya mistari minne aliyoiandika kwa mkono wake. Akajibiwa asubiri kidogo, apatikane mtu wa kumpokea. Hicho kidogo ndicho kinachokwisha mwezi huu.

Mzee Evaristo alizaliwa upande wa Mahenge, akashuka bondeni akiwa kijana kuja kulima mpunga. Aliajiriwa Julai 1972, mwaka mmoja baada ya tuta kukamilika. Kwa watumishi ambao hawajafika Lihami, lile ni bwawa dogo, ukiipita Mchombe unaacha barabara ya Mlimba na kuifuata njia ya miguu kuelekea milimani. Mtu mzima analizunguka kwa saa moja. Lakini kiangazi, madimbwi ya bondeni yakishakauka, ni humo perege na kambare wanamobaki hai wakingoja mito ijae, na ni hapo sheshe, wale swala wa bondeni kwetu, na nyati wanapokuja kunywa. Chini ya tuta kuna kaya sitini na shule ya msingi.

Kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha maji kila asubuhi, kufungua na kufunga mlango wa maji, kufyeka majani ya tuta, kuwazuia wenye nyavu za matundu madogo samaki wanapozaa, na kutuletea ripoti Ifakara kila mwezi. Alipoanza walikuwa watu watano pale bwawani. Punguzo la wafanyakazi lilipopita, akabaki peke yake na panga lake.

Ripoti zake tulikuwa tukigombania kuzisoma. Mwaka fulani fomu mpya ilitutaka tujaze idadi ya samaki waliomo bwawani. Mzee akaandika: "Bado hawajakubali kupanga foleni." Kulikuwa pia na kiboko dume aliyekuwa akitokea kila mwaka bila siku maalumu. Mzee alimpa jina la Mkaguzi, kwa sababu, alisema, huja bila taarifa, hula vizuri, kisha huondoka bila kuacha ripoti. Jina hilo liliingia kwenye majalada yetu, na kuna mgeni mmoja kutoka mjini aliyesoma jalada zima akiamini Mkaguzi ni mtumishi mwenzetu.

Yalikuwepo pia ya kuchosha. Njia ya kutolea maji ya ziada ilianza kuziba kwa mchanga na matete tangu 1992. Mzee aliandika barua, mimi nikazipiga chapa, zikapelekwa ngazi za juu. Barua saba kwa miaka mitano. Hatukuwahi kupata jibu, hata la kukataa. Kila alipokuja ofisini alisimama mlangoni, nami kabla hajafungua kinywa nikatikisa kichwa. Basi akaketi, akanywa maji, akarudi kwake kwa baiskeli.

Mwaka 1997 kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalishuka hadi karibu na mstari mwekundu alioupaka kwenye kipimo, mstari ambao chini yake samaki hawaponi. Wakulima wa mboga wakamfuata wakiongozwa na Mama Theodosia, mwenye bustani kubwa kuliko zote pale chini, wakamtaka afungue maji yote.

"Nikifungua mtakula kambare wiki moja," aliwaambia. "Halafu mtakaa miaka mitatu mnatazama tope."

"Kwa hiyo samaki wako ni bora kuliko watoto wetu?" Mama Theodosia akamuuliza.

Aliwaachia maji kidogo kidogo, mara mbili kwa wiki, na bustani nyingi zikanyauka. Tangu siku hiyo Mama Theodosia hakumsalimia. Wakikutana njiani, alitazama upande mwingine. Mzee aliniambia jambo hilo lilimuuma kuliko matusi ya wavuvi wote aliowanyang'anya nyavu.

Kisha zikaja mvua ambazo kila mmoja wetu anazikumbuka. Mlimba ilikatika, Ifakara tukatembea ndani ya maji. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Machi 1998, baada ya siku tatu za mvua isiyopumua, Mzee Evaristo alipita upande wa chini wa tuta na kuona maji yakichuruzika. Kuchuruzika si jambo geni. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba yakitoka maji maangavu, tuta linatoka jasho tu. Yakitoka mekundu, tuta linaliwa ndani. Siku hiyo yalikuwa mekundu.

Mlango wa maji ulikuwa umekwamishwa na gogo. Njia ya maji ya ziada ilikuwa imeziba, kama zilivyosema barua saba. Maji yalibakiza shibiri moja kufika juu ya tuta. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuyatoa bila kuua mtu, ule ukingo wa mashariki wenye ardhi ngumu, ambao ungeyapeleka kijitoni, mbali na nyumba. Chini ya ukingo huo palikuwa na shamba la ekari mbili, mpunga umeanza kuchanua. Lilikuwa shamba la mke wake, Mama Agnella, na ndilo lililowalisha.

Alituma watu wakapige kengele ya shule na kuwaondoa watoto na wazee. Waliobaki wakapanda tutani na majembe. Mama Agnella alipanda pia, akiwa amefunika uji wa mumewe kwa kipande cha turubai. Akamkuta amesimama ukingoni, jembe mkononi, anatazama mpunga.

"Wanakungoja," mkewe akamwambia.

"Nawasikia."

"Unaniogopa mimi?"

Mzee akaliegemea jembe.

"Chimba, baba. Mpunga tutapanda tena. Hawa watu hatutawapanda."

Akaweka uji chini, akalichukua jembe mkononi mwa mumewe, na pigo la kwanza akalipiga yeye. Haya nimesimuliwa na Mama Theodosia mwenyewe, aliyekuwa hatua chache nyuma yao na jembe lake.

Walichimba kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Walikuwa watu wapatao arobaini, wengi wao wakiwa wale wale waliotaka bwawa likaushwe. Maji yalipopata njia hayakuhitaji tena jembe. Yaliingia shambani na katika muda wa kula chakula cha mchana ekari mbili zikawa mto. Perege walipita na maji wakarukaruka kwenye mpunga uliolala, watu wakawaokota kwa kanga na ndoo. Mzee na mkewe hawakuokota hata mmoja. Walikuwa wamekaa tutani bega kwa bega, wamelowa chapachapa, wanaunywa ule uji uliopoa.

Magharibi ilipofika maji yalikuwa yameshuka futi mbili, na yale yaliyochuruzika yalirudi kuwa maangavu. Tuta likasimama. Hakufa mtu.

Natamani ningeweza kuandika kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Shamba liliondoka na udongo wake, ukabaki mchanga mweupe usioota kitu. Mzee aliugua mwezi mzima, na goti lake la kushoto halijakunjuka sawasawa tangu siku ile. Akipanda tuta sasa anapumzika mara mbili. Tuliomba kwa maandishi atumiwe walau barua ya shukrani. Hiyo ikawa barua ya nane.

Lakini Juni ya mwaka ule, wenzao walipovuna, Mama Agnella alisikia hodi. Alikuwa Mama Theodosia na debe la mpunga kichwani. Alipomwona Mzee akalitua, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee Evaristo."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea sana."

"Nilipotea," Mama Theodosia akasema, na machozi yakamtoka. Nyuma yake walikuja wengine na vyao, na nyumba ile haikulala njaa mwaka huo.

Ule mfereji sasa ndio njia ya maji ya ziada ya Lihami. Wanakijiji wameujenga kwa mawe, na serikali ya kijiji imempa Mama Agnella shamba jingine, dogo zaidi. Samaki wamezaana tena. Agosti iliyopita Mzee alihesabu sheshe sitini na wanne ukingoni, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akajaza idadi ya wanyama kwenye fomu kwa tarakimu.

Ufunguo wa mlango wa maji utapokelewa na Bibi Eveline, bibi samaki, yaani ofisa wa uvuvi, aliyehamishwa kutoka Mlimba. Tunamkaribisha. Mzee amekwisha kumtembeza tuta lote, na ameniomba niseme hapa hadharani kwamba asiachwe peke yake. Nimesema.

Kamati ya hafla ilinituma nimuulize angependa zawadi gani, redio au baiskeli mpya. Alilisugua goti lake.

"Mwanangu Natalia," akasema, "miaka ishirini na saba mvua ikianza kunyesha mimi natafuta viatu. Nataka inyeshe, nami nigeuke upande wa pili."

Zawadi hiyo kamati haina uwezo wa kuinunua, kwa hiyo tumenunua blanketi, zito kuliko yote tuliyoyaona sokoni Ifakara. Kwa niaba ya watumishi tuliosalia, na kwa niaba ya kaya sitini za Lihami, tunakushukuru wewe na Mama Agnella kwa kazi ambayo hakuna aliyekuja kuikagua. Kaeni salama, muwe na afya na chakula cha kutosha. Na mvua ikinyesha, mzee wetu, lala.

Natalia, karani wa kituo